Mwongozo kamili wa kukusanya kumbukumbu za Royal Company of Archers, walinzi wa mfalme nchini Uskoti

Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth II lilipowekwa katika kanisa la St Giles mjini Edinburgh ili watu wapite kutoa heshima za mwisho, miongoni mwa waliosimama kulilinda walikuwamo wanaume waliovalia kijani cha kukoza, kofia bapa vichwani, unyoya wa tai umesimama juu yake. Hao ni Royal Company of Archers, walinzi wa heshima wa mfalme anapokuwa Uskoti. Vitu vyao vya zamani hujitokeza minadani na mitandaoni: mishale, medali, makoti, picha, kadi za mialiko, vitabu. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuvikusanya kwa akili, awe Glasgow, Muscat au Toronto, au awe ananunua kwa simu akiwa Mombasa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tafuta jina la mtu kwanza, kitu baadaye. Mshale unaojulikana ulikuwa wa nani, aliyeingia kundini mwaka gani na aliishi mtaa gani, ni historia unayoweza kuithibitisha. Mshale huohuo bila jina ni pambo la ukutani, na ulipwe bei ya pambo. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Wajue kabla ya kutoa hata senti

Kundi hili lilianza mwaka 1676 kama chama cha watu binafsi waliopenda kupiga mishale kwa upinde mrefu. Mwaka uliofuata Baraza la Faragha la Uskoti likalitambua. Mwaka 1704 Malkia Anne akalitunuku kundi hilo hati ya kifalme, na malipo ya hati hiyo yalikuwa ya ajabu: jozi moja ya mishale yenye ncha za kulabu, ikabidhiwe kwa mfalme pindi atakapoidai. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla deni hilo halijalipwa. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, ziara ambayo mwandishi Walter Scott ndiye aliyeipanga, na Earl of Hopetoun, kiongozi wa kundi wakati huo, akamkabidhi mishale yake. Katika ziara hiyohiyo wapiga upinde hawa walikubaliwa kuwa walinzi wa mfalme nchini Uskoti.

Tarehe ya 1822 ishike vizuri, maana inaugawa uwanja mzima. Kitu cha kabla ya hapo ni cha chama cha wachezaji, wengi wao mabwana na wasomi wa Edinburgh, na katika karne ya 18 sare yao ilikuwa ya tartani, kile kitambaa cha mirabaraba cha Uskoti. Kitu cha baada ya hapo ni cha walinzi wa kifalme waliovaa kijani. Muuzaji akikuonyesha koti la kijani akasema ni la mwaka 1760, mshukuru uondoke.

Makao yao ni Archers' Hall, mtaa wa Buccleuch, Edinburgh, jengo la miaka ya 1770. Ni nyumba ya chama, si makumbusho ya kuingia na kutoka. Ukifika Edinburgh, anzia National Museum of Scotland mtaa wa Chambers, kisha Scottish National Portrait Gallery mtaa wa Queen. Ukiwa mbali, pekua katalogi za mtandaoni za makumbusho hayo na za Royal Collection, hazina ya sanaa ya kifalme. Mtafute pia mchoraji Henry Raeburn na picha yake ya Dkt. Nathaniel Spens, aliyechorwa amevuta upinde. Itazame mpaka uyazoee mavazi na mkao wa mikono, kwa sababu jicho lililozoea kitu halisi hushituka haraka likiona cha kubuni.

Hatua ya 2: Anzia karatasi

Wanaoanza hukimbilia upanga au sare. Mimi ningekuomba uanze na karatasi na picha: diploma za uanachama, mialiko ya chakula cha jioni, orodha za wanachama, barua, na zile picha ndogo za studio zilizobandikwa kwenye kadi ngumu. Ni nafuu, zinasafirishwa kwa bahasha, na mara nyingi jina limo tayari. Mshairi wa Uskoti Robert Burns mwenyewe alipewa diploma ya kundi hili Aprili 1792. Hiyo hutaiona mnadani kwa bei ya kawaida, lakini inakuonyesha karatasi moja inavyoweza kumfunga mtu na tarehe.

Zile picha za kadi zilienea Uingereza miaka ya 1860. Kadi yenyewe ina takriban sentimita 6.4 kwa 10. Igeuze: nyuma kuna jina la mpiga picha na anwani ya studio yake. National Library of Scotland imeweka mtandaoni, bure, vitabu vya zamani vya anwani za Edinburgh, vilivyochapishwa karibu kila mwaka. Tafuta mpiga picha huyo mwaka baada ya mwaka. Akionekana anwani hiyo kati ya mwaka fulani na mwingine tu, picha yako nayo imepigwa ndani ya kipindi hicho. Kazi hii ni ya jioni moja, na inakupa tarehe unayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Soma taji na cheo

Vitu vingi vilivyotengenezwa baada ya 1822 vina maneno au taji. Maneno ndiyo rahisi. Palipoandikwa kwa Kiingereza mlinzi wa "King", ni kati ya 1822 na 1837, au 1901 na 1952, au tangu Septemba 2022. Palipoandikwa "Queen", ni enzi ya Victoria, 1837 hadi 1901, au ya Elizabeth II, 1952 hadi 2022.

Kwa taji, kanuni ya alama za Uingereza kwa jumla ni hii: enzi ya Edward VII hadi George VI taji lina matao yaliyopanda yakaviringana juu, na tangu 1953 Elizabeth II akatumia taji ambalo matao yake yamebonyea katikati. Charles III amerudi kwenye umbo la kupanda. Kwa hiyo alama ya "King" yenye taji la kupanda inaweza kuwa ya 1911 au ya juzi. Hapo uamuzi hutolewa na chuma chenyewe: kingo zilizolika, rangi iliyofifia ndani ya mikunjo, namna kipini cha nyuma kilivyolehemiwa.

Uskoti ina taji lake la kale, na watu wake wanalionea fahari. Elizabeth II aliporithi kiti cha enzi, kuandika "EIIR", kifupi cha Malkia Elizabeth wa Pili, huko kulizua ugomvi mkubwa, kwa kuwa Elizabeth wa Kwanza hakuwahi kuitawala Uskoti. Februari 1953 sanduku la posta lenye alama hiyo lililipuliwa mtaa wa Inch, Edinburgh, na baada ya hapo masanduku mapya ya Uskoti yakawekwa taji la Uskoti. Ukikuta taji lisilofanana na yale ya London, usilitupe kwa haraka. Huenda ndilo la kwao.

Hatua ya 4: Upinde na mshale, kwa mkono na kwa mizani

Hapa ndipo roho ya ukusanyaji huu ilipo, na hapa ndipo mtu anayejua anaweza kupata kitu kizuri ambacho mnadi amekiandika tu "mishale ya zamani".

Upinde mrefu wa karne ya 19 kwa kawaida ni wa mti wa yuu, mti unaoota sana kwenye viwanja vya makanisa ya Uingereza. Ama ni yuu mtupu, ama mgongoni umegandishwa ukanda wa mti mwingine kama hikori. Vipande viwili mara nyingi vimeungwa katikati, chini ya mshikio, kwa meno marefu yanayoingiana. Ncha zote mbili zina vifuniko vya pembe ya ng'ombe vilivyochongwa mfereji wa kamba. Juu kidogo ya mshikio, mahali mshale unapopita, tafuta kipande kidogo cha gamba la chaza linalong'aa, kilichopachikwa ili mbao zisilike. Karibu na hapo pana mhuri wa fundi, na namba inayoonyesha uzito wa kuuvuta upinde kwa ratili, tuseme 48 au 52.

Mhuri wa kuutafuta zaidi ni wa Peter Muir wa Edinburgh. Alikuwa fundi wa pinde wa Royal Company, na mwenyewe alikuwa mpigaji hodari: alikuwa bingwa wa mashindano makuu ya Uingereza mwaka 1845, 1847 na tena 1863. Alifariki mwaka 1886. Lakini Muir aliuzia watu wengi. Mhuri wake unathibitisha fundi na kipindi, hauthibitishi kwamba mwenye upinde alikuwa mlinzi wa mfalme. Wauzaji huruka pengo hilo kwa makusudi au kwa kutojua. Wewe usiliruke.

Usiufunge kamba upinde wa zamani, hata ukionekana mzima. Mti uliokaa bila kuvutwa kwa vizazi hupasuka ghafla, na ukipasuka hakuna wa kukurudishia.

Sasa shika mshale. Karibu na manyoya utaona michirizi ya rangi inayozunguka ubao, nyekundu, kijani, dhahabu: hiyo ilikuwa alama ya mwenye mshale, ili shabaha ikikaguliwa kila mtu ajue wake. Wakati mwingine jina au herufi za kwanza zimeandikwa kwa wino. Kisha kuna namba kama 4.6 au 4.9 au 5.0. Huo ni uzito, na walioupima waliweka sarafu za fedha za shilingi upande wa pili wa mizani: 4.6 ni shilingi nne na peni sita. Shilingi ya wakati huo ilikuwa na gramu 5.65, na peni 12 zilifanya shilingi moja. Kwa hiyo mshale wa 4.6 unapaswa kuwa na gramu 25 na nusu hivi, na wa 5.0 gramu 28. Uweke kwenye mizani midogo ya dijitali. Ukipungua gramu moja au mbili, hakuna shida: mbao zimekauka, nondo wamekula manyoya. Ukitofautiana kwa gramu saba, ama ncha imebadilishwa, ama ubao si wenyewe, ama namba imeongezwa baadaye.

Angalia pia mbele ya mshale. Mishale mizuri imeungwa mti mgumu zaidi upande wa ncha, na maungio yake yana umbo la meno marefu. Pitisha ukucha juu yake: kazi ya fundi hodari haikwaruzi.

Seti ya mishale yenye michirizi ileile, ikiwa ndani ya sanduku lake lenye jina, ina thamani kuliko mishale mingi iliyookotezwa. Usiitawanye.

Hatua ya 5: Fedha na medali

Wapiga upinde hawa wana tuzo za kale kweli. Mshale wa Fedha wa Musselburgh una historia inayorudi 1603, wa Peebles 1628, na wa Edinburgh ulitolewa na baraza la mji mwaka 1709. Desturi ya tuzo hizi ni kwamba mshindi huning'iniza medali yake kwenye mshale wenyewe. Ndiyo maana mtu akikuambia anauza "medali iliyotoka kwenye Mshale wa Musselburgh", swali la kwanza ni: ilitokaje? Zile ziko kwenye mshale. Za kutafuta sokoni ni medali za mashindano mengine na vyombo vya fedha vilivyotolewa kama zawadi, vikiwa na maandishi ya jina na mwaka.

Chapa za Edinburgh zinasomeka kwa lensi ya kawaida. Ngome yenye minara mitatu ni ya mji. Mbigili, ua la Uskoti, ni alama ya usafi wa fedha kuanzia 1759 hadi 1974. Tangu 1975 ni simba aliyesimama. Kati ya 1784 na 1890 kulikuwa na kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha kwamba ushuru umelipwa. Herufi ya mwaka utaitafuta kwenye jedwali. Kikombe kinachodaiwa ni cha 1830 lakini hakina kichwa cha mfalme kinataka maelezo. Medali ndogo, hata hivyo, mara nyingi zina chapa chache au hazina kabisa, kwa kuwa vitu vidogo vilisamehewa, basi usizihukumu kwa hilo.

Maandishi yaliyochongwa yatazame kwa mwanga wa ubavuni. Mchongo wa zamani una kingo zilizolainika kwa kufutwafutwa. Mchongo mpya juu ya fedha ya zamani una kingo kali, na ndani ya herufi hamna weusi uliojikusanya.

Hatua ya 6: Sare, na vinavyofanana nayo

Koti la kijani la kukoza, kofia bapa yenye unyoya wa tai, mkanda, upanga mfupi. Idadi ya manyoya inaonyesha cheo: mmoja kwa mpiga upinde wa kawaida, mawili kwa afisa, matatu kwa Kapteni Jenerali, ambaye ndiye mkuu wao.

Hatari kubwa hapa ni kuchanganya. Vikosi vya bunduki vya Uskoti, kama Cameronians waliovunjwa mwaka 1968, navyo vilivaa kijani kilichokaribia weusi. Chama cha kusaidiana cha Foresters, kilichoanza 1834, kilitoa beji na mikanda mingi yenye upinde, mishale na baragumu, na hizo ndizo zinazouzwa mara kwa mara kwa jina la Royal Company. Ukiona baragumu ya kuwindia, anza kushuku. Mavazi ya maigizo nayo yapo: yana bitana nyembamba, vifungo vyepesi visivyo na jina la mtengenezaji mgongoni, na mshono wa haraka.

Pindua koti. Ndani ya mfuko wa kifuani au nyuma ya kola mafundi walishona kitambaa chenye jina la duka, na chini yake, kwa wino, jina la mteja na tarehe. Kitambaa hicho kina uzito kuliko dhahabu yote iliyo kwenye mabega. Kikague kama uzi ulioshikilia ni wa zamani kama uzi wa koti.

Hatua ya 7: Mfuate mwenye jina

Umepata jina. Sasa thibitisha. James Balfour Paul aliandika historia ya kundi hili mwaka 1875, ikiwa na orodha ya wanachama, na nakala yake inasomeka mtandaoni. Kwa mtu wa kabla ya mwaka huo, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha tovuti ya ScotlandsPeople itakupa vizazi, ndoa, vifo na wosia kwa ada ndogo. Vile vitabu vya anwani vitakupa mtaa na kazi yake.

Majina ya Uskoti hujirudia mno, na familia hurithisha jina moja baba hadi mjukuu. Usikubali "J. Hope" bila tarehe. Linganisha miaka ya kitu na miaka ya mtu: aliyezaliwa 1850 hakushinda medali ya 1858.

Hatua ya 8: Ununuzi

Minada ya Edinburgh, kama Lyon & Turnbull, na ile ya London inayouza silaha na medali ndiyo yenye maelezo ya kuaminika. Omba ripoti ya hali ya kitu kabla ya siku ya mnada. Omba picha za mhuri, za nyuma, za ndani, na za palipoharibika. Uliza kitu kimetoka kwa nani: familia, mkusanyaji, au kimekaa tu dukani. Jibu liandikwe kwa barua pepe, si kwa mdomo.

Piga hesabu ya mwisho kabla ya kutaja bei. Ada ya mnunuzi inaweza kufika robo ya bei au zaidi, juu yake kodi, kisha usafirishaji wenye bima, kisha ushuru wa forodha wa nchi yako. Upinde mrefu, unaokaribia mita mbili, husafirishwa ndani ya bomba gumu, na gharama hiyo pengine itazidi bei ya upinde. Nina imani zaidi na mtu anayenunua kitu kimoja chenye historia kwa mwaka kuliko anayejaza kabati.

Hatua ya 9: Sheria, usiipuuze

Unyoya wa tai ni mali ya mnyama anayelindwa. Marekani ni wakali kuliko wote: kununua, kuuza au kuingiza nchini unyoya wa tai wa dhahabu ni kosa hata ukiwa wa karne iliyopita, na Mahakama ya Juu yao ilikazia katazo la biashara hiyo mwaka 1979. Msomaji aliye Marekani anunue kofia iliyoondolewa unyoya huko huko Uskoti, au aiache. Nchi nyingine nyingi zitakudai kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Pembe za ndovu nazo zimo kwenye vishikio na visanduku vya karne ya 19. Nyingi zilipita soko la Zanzibar zikielekea London, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Uingereza imebana biashara hiyo kwa sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, ikiacha misamaha michache yenye masharti, na Kenya hairuhusu kabisa. Ushauri wangu ni kuviacha. Upanga, hata wa sherehe, uulizie polisi na forodha kabla haujapakiwa.

Hatua ya 10: Utunzaji, hasa kwenye joto la pwani

Sufu na manyoya ni chakula cha nondo. Kitu kipya kikifika, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kipate joto la chumba kikiwa bado kimefungwa ili umande usikidondokee. Sanduku lenye rangi iliyokauka au gundi dhaifu lisiingie humo. Naftalini iache, inadhuru na harufu yake haitoki.

Unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hupinda mti na kuotesha ukungu. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55 kwa kifaa cha kupima, weka pakiti za kufyonza maji ndani ya sanduku, na usiegemeze upinde kwenye ukuta wa nje wa nyumba. Laza upinde na mishale, usivisimamishe. Sare iweke bapa, mikunjo ijazwe karatasi laini isiyo na asidi, mbali na jua. Nyuzi za dhahabu usizisugue. Fedha ifute kwa kitambaa laini tu. Dawa za kuchovya hula mchongo.

Mwisho fungua daftari. Kwa kila kitu andika vipimo, uzito, maneno yaliyomo, uliyemnunua, bei, tarehe, na kila ulichokigundua kuhusu mwenye jina, ukitenganisha uliyoyathibitisha na unayoyakisia. Piga picha za pande zote, uweke nakala mahali pawili. Risiti na ile barua pepe ya muuzaji zichapwe, zikae kwenye bahasha moja na kitu chenyewe, maana siku kikiuzwa au kikirithiwa, vitaondoka pamoja.